Nina mtihani wa Kiingereza Jumamosi, nisaidieni na maswali ya "did" na maneno ya wizi

Bint_Tudor
Jumatano, saa tatu usiku

Hamjambo nyote. Mimi ni msomaji wa kimya humu siku nyingi, leo imebidi nijitokeze manake nimekwama na sina wa kumuuliza. Nafanya kazi hoteli moja upande wa Shanzu, nasafisha vyumba na kutandika vitanda, huu mwaka wa nne. Sasa kuna nafasi imetoka ya mapokezi, ile ya kukaa mbele na kupokea wageni, na tumeambiwa anayeitaka atafanya mtihani wa Kiingereza kiwango cha kati Jumamosi hii. Kiingereza changu si kibaya, mgeni akitaka taulo namuelewa namjibu, lakini sarufi niliiwacha form four na sikuipenda hata wakati huo. Wamesema ni marudio ya mambo matatu, kuuliza maswali, vitenzi visaidizi na msamiati wa uhalifu. Uhalifu na mapokezi wapi na wapi sijui. Najaribu kujisomea kwa feri asubuhi lakini vile watu wamesongamana hata simu huwezi kuitoa. Naomba mnisaidie hizi:

4. "Does he works" ama "Does he work"
9. "They robbed my phone" ama "They stole my phone"
14. "Who ___ you about the burglary?" niweke told, did tell ama did you tell
22. "He was charged ___ theft" niweke for, of ama with

Majibu tu tafadhali, sina muda wa somo refu. Mungu awabariki.

Jogoo_la_Majengo

Wauliza uhalifu na mapokezi wapi na wapi? Muulize mgeni aliyeona bei moja kwa simu akafika kaunta akasomewa nyengine. Andika hivyo dadangu utapita bila kusoma.

Mwalimu_Mstaafu

Binti yangu, majibu matupu hayafai, swali likigeuzwa shingo kidogo utalia. Mimi nimefundisha Kiingereza shule za msingi miaka thelathini na ushei, nilianza kabla ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 kuja mwaka 1985 na nikaiwacha ingalipo, kwa hivyo nisikilize.

Sisi Kiswahili hatuna taabu hii. Twasema "Ameiba." Tukiuliza twasema "Ameiba?" Sauti imepanda basi, swali limekwisha. Kiingereza hakikubali, chataka mtu wa kulibeba swali, naye ni do, does au did. Darasani nilikuwa nawaambia did ni hamali wa Kongowea. Akishajitwika gunia la wakati uliopita, kitenzi kinachomfuata nyuma chatembea mikono mitupu. "Did he steal?" Hakuna "Did he stole", gunia ni moja hawalibebi wawili. Na does vivyo hivyo, ile s ya works keshaichukua yeye, kwa hivyo ni "Does he work?" Namba 4 umepata.

Nilikuwa na mwanafunzi Mikindani, leo ni mtu mkubwa bandarini simtaji, hii alikuwa akiikosa kila wiki mpaka siku moja nikamtwika boksi la chaki kichwani nikamwambia mwenzake amfuate nyuma mpaka dirishani. Nikauliza darasa, nani kabeba? Huyu au yule? Hakukosea tena. Siku hizi ukimtwika mtoto chaki mzazi yuko ofisini na wakili. Hizo nyengine nitazijibu kesho, macho yaniuma.

MamaKhamisi

Hio robbed na stole msiniambie mimi. Tuliibiwa Mishomoroni mwaka jana, nilikuwa nimekwenda kwa jirani kumpa pole, mlango nimeufunga kwa kufuli, wallahi sikukaa hata saa nzima. Kurudi kufuli liko chini limekatwa, wameondoka na jiko la gesi, tivii na sufuria mbili za pilau za marehemu mamangu zile nzito za kizamani huzipati tena. Na moja ilikuwa na pilau ndani nimewapikia wageni! Wameipakua yote kwa karai la kufulia wakaifunika na sinia ndio wakachukua sufuria tupu, yaani mwizi ana adabu ya kutomwaga chakula lakini kuiba yuaiba.

Basi nikaenda kituoni, yule askari kijana ananiuliza kimetokea nini na mimi nikataka kumuonyesha nimesoma, nikamwambia "I have been stolen." Akacheka mpaka akaiweka kalamu chini. Ati mama, umeibwa wewe? Mwizi amekurudisha lini? Mpaka leo nikipita pale najifunika buibui uso. Sasa nauliza nimekosea wapi, kwani sikuibiwa?

KaraniWaKorti

Pole mama. Uliibiwa, lakini Kiswahili ndicho kilichokuponza. Sisi twamuibia mtu, kwa hivyo mtu yuaibiwa. Kiingereza steal ni ya kitu, kinachoibwa ni sufuria, "My pots were stolen." Rob ni ya mtu au mahali na ina nguvu au vitisho ndani yake, wamekuwekea kisu, wamekupiga ngeta, hapo ndio "I was robbed." Na burgle ni ya nyumba, "My house was burgled." Kwa hivyo namba 9 ni stole, simu hairobiwi.

Nimekaa kortini miaka 19 nikitafsiri kwa hivyo haya nayasikia kila siku. Ila mama kwa sheria ya Kenya wewe hukufanyiwa burglary. Penal Code yetu, Sura ya 63, kifungu 304, kuvunja nyumba kwa nia ya kuiba ni housebreaking, yaitwa burglary ikifanyika usiku tu. Na usiku wenyewe umeandikwa, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

MamaKhamisi

Kwa hivyo sufuria za mamangu hazikufikia hadhi ya burglary kwa sababu walikuja alasiri?

KaraniWaKorti

Kisheria ndio hivyo. Housebreaking ni mpaka miaka 7, burglary mpaka 10. Lakini vitabu vya Kiingereza vimetoka Uingereza na wao tangu sheria yao ya wizi ya mwaka 1968 burglary ni mchana na usiku, kwa hivyo dada kwa mtihani usiingize hii ya kwetu, utamchanganya msahihishaji.

Jogoo_la_Majengo

Wezi wa Mishomoroni wamesoma sheria, ndio maana wanafunga kazi kabla ya maghrib.

Bint_Tudor

Asanteni jamani nimecheka lakini 14 na 22 bado hamjanijibu. Na nimeona nyengine zanisumbua, 17 "Do you know where ___?" niweke is he ama he is, na 25 "You didn't see the thief, ___?" Yule mwenzangu ananiambia kila swali waeka "isn't it" mwisho, ni kweli?

Abuu_tuktuk

Hio 25 imenila pesa mimi. Nimebeba mgeni kutoka Nyali mpaka Fort Jesus, kufika akanipa elfu, akaniuliza "You don't have change, do you?" Mimi nikamwambia "Yes." Manake kichwani nasema ndio, sina. Mzee wa watu akanyoosha mkono akangoja. Nami nikamtazama. Jua la saa saba, yeye mkono mbele mimi nimeshika usukani, tukatazamana vile kama watu wawili wanaodaiana. Mwisho akasema "Yes you do or yes you don't?" nikamwambia "Yes" tena. Akashuka akaniachia yote akitikisa kichwa. Sikuelewa mpaka jioni nilipomhadithia binti yangu.

KaraniWaKorti

Abuu wewe ulipata faida. Kortini hio "yes" yafunga watu. Wakili amemuuliza shahidi "You didn't see his face, did you?" na shahidi ana Kiingereza kidogo cha kujivunia hakungoja nitafsiri, akajibu "Yes", yeye maana yake ndio sikuuona uso. Hakimu keshaandika yes. Ikabidi turudi nyuma swali kwa swali. Kiswahili chamuitikia anayeuliza, ndio, umesema kweli. Kiingereza hakijali aliyeuliza, chaangalia tendo tu, hukuona ni "No, I didn't" hata aulize vipi.

Kwa hivyo 25 ni "did you?" Mbele kumekanushwa nyuma hakukanushwi, na kisaidizi ni kile kile. Hio "isn't it" ya kila mahali ni "sivyo?" yetu tumeivalisha suti.

Na 22 ni with. Mimi huwaambia vijana wanaoanza kazi hivi, mtaa wakutuhumu kwa of, "accused of", polisi wakukamata kwa for, "arrested for", mashtaka wasomewa kwa with, "charged with", hatiani watiwa kwa of tena, "convicted of", halafu to ndio yakupakia gari kwenda jela ya Shimo la Tewa, "sentenced to five years".

SisterZuu

14 ni "did tell". Tumefundishwa swali lazima liwe na did, hata mwalimu hapo juu amesema lazima kuwe na hamali.

Mwalimu_Mstaafu

Nimeamka. Sister hapana, na hili nililiweka makusudi la leo. Hamali huitwa pale unapomuuliza mtendwa au mahali au wakati. "Who did the police arrest?" Polisi ndio waliokamata, wewe wamtafuta aliyekamatwa, did yuko. Lakini ukimtafuta mtendaji mwenyewe, who keshakaa pale pale pa kiima, gunia alibeba yeye mwenyewe, hamali wa nini? "Who told you?" "Who stole the pots?" Basi 14 ni told.

Na 17 ni "he is". Swali likishatiwa ndani ya swali jengine hupoteza haki ya kupinduka. "Where is he?" peke yake sawa. Ukianza "Do you know" ama "Could you tell me", kule ndani maneno yarudi mpango wa kawaida, "where he is". Hili wageni wa hoteli watalisikia upesi kuliko kosa lolote kwa sababu ndio lugha ya adabu ya mapokezi.

SisterZuu

Lakini mtu aweza kusema "I did tell you." Nimesikia kwa sinema mara mia.

Mwalimu_Mstaafu

Hio ni ya kusisitiza, amebishiwa ndio anaapa. Hata "Who did tell you?" mtu aweza kuisema baada ya kubishana nusu saa. Mtihani haukubishii, mtihani wakuuliza tu.

SisterZuu

Mimi bado naona did tell.

Feri_Namba_Moja

Ngojeni kwanza wenzangu. Mwauziana hamali hapa na hakuna aliyetazama namba. 4, 9, 14, 17, 22, 25. Mtu akiwa na maswali yake huandika 1, 2, 3. Dada, hizo namba umezitoa wapi?

Bint_Tudor

Ni kitabu cha mazoezi.

Mwalimu_Mstaafu

Kitabu gani binti, ninavyo rafu mbili hapa, nitajie jina nikufungulie ukurasa wenyewe.

Bint_Tudor

Hakina jalada.

Jogoo_la_Majengo

Kitabu hakina jalada, mtihani una siku tatu, na namba zimepangana kama viti vya matatu. Hakuna hata haja ya jury.

KaraniWaKorti

Kenya hatuna jury anyway, ni hakimu peke yake. Lakini dada jibu swali.

Bint_Tudor
Alhamisi, saa nne usiku

Sawa. Si kitabu. Ni mtihani wenyewe. Kuna mtu wa ofisini amenitumia picha sita nikampa elfu tatu. Picha zimepigwa mbio mbio, ya nne ina kidole gumba chake kimefunika swali la 19 na 20 ndio maana hizo sikuwauliza. Haya mmefurahi?

Lakini kabla hamjanirukia nisikilizeni. Miaka minne natandika vitanda. Nafasi ya mapokezi imetoka mara mbili na mara zote mbili amepewa mtu aliyekuja juzi ana mjomba. Kama wao wana mjomba mimi nina elfu tatu. Na tena mimi sikuiba kitu, aliyeiba ni yeye, mimi nimenunua tu. Na majibu sikupewa, nimepewa maswali, kusoma nasoma mwenyewe kama mnavyoona.

SisterZuu

Dadangu kazi utakayoipata kwa mlango wa nyuma mshahara wake hauna baraka, utaula na utaumwa. Binamu yangu alinunua cheti Nairobi akapata kazi nzuri, mwaka haujaisha kazi imekwenda, gari limekwenda, mume amekwenda.

Abuu_tuktuk

Mume alikuwa na cheti feki pia?

KaraniWaKorti

Hilo neno "mimi nimenunua tu" nimelitafsiri kortini mpaka ulimi umeota sugu. Laitwa "handling stolen goods", kifungu 322, mpaka miaka 14, kumbuka wizi wenyewe wa kawaida ni mpaka miaka 3. Anayepokea aweza kufungwa zaidi ya aliyeiba. Picha za mtihani wa hoteli sikutishi kwa jela, hilo mawakili watabishana mpaka kesho, lakini barua ya kufukuzwa haihitaji kifungu.

Jogoo_la_Majengo

Wengine wanakariri msamiati, dada anaufanya kwa vitendo. Bribery tayari. Handling tayari. Imebaki arson tu achome hoteli apate mia kwa mia.

MamaKhamisi

Mwacheni mtoto wa watu. Nyinyi nyote mmepita njia nyoofu? Mimi namuelewa, hasira ya kupitwa na mtu wa juzi si ndogo. Ila elfu tatu mwanangu ni nyingi.

Bint_Tudor

Asante mama. Na si elfu tatu tena, imebaki elfu moja, manake picha nimewauzia wenzangu wawili wa kufua elfu elfu.

Abuu_tuktuk

Wenzako nao wanafanya huo mtihani?

Bint_Tudor

Ndio.

Abuu_tuktuk

Nafasi ni ngapi?

Bint_Tudor

Moja.

Abuu_tuktuk

Subhanallah.

Jogoo_la_Majengo

Nimelazimika kusimama. Nilikuwa nala viazi karai nimeweka chini.

Feri_Namba_Moja

Sasa mimi nasema wazi. Hii ni hekaya. Hakuna mtu duniani anunue mtihani kisha awauzie washindani wake nafasi ikiwa moja. Na nilikuwa nimenyamaza na jengine. Jina lake Tudor. Kazi Shanzu. Halafu asubuhi yuko kwa feri. Tudor ni kisiwani, Shanzu ni kaskazini, unavuka daraja la Nyali unakwenda zako. Feri ni kusini kwenda Likoni. Anayetoka Tudor kwenda Shanzu kwa feri amezungukia wapi, Tanga? Huyu ametunga, na hata Mombasa labda haijui, ameitazama kwa ramani.

SisterZuu

Heee. Ni kweli. Na mimi nimemuombea dua.

Jogoo_la_Majengo

Mimi nadhani ni meneja wa hoteli anatega wafanyikazi wake. Anaweka uzi hapa aone nani atamwambia "hata mimi niuzie".

Feri_Namba_Moja

Mimi nashuku jengine. Tazameni nani amefaidika na uzi huu. Nani amepata nafasi ya kufundisha hamali na chaki na Mikindani? Bint_Tudor anaandika "nyengine". Mwalimu_Mstaafu anaandika "nyengine". Huyu ni mtu mmoja ana akaunti mbili, ajiuliza ajijibu.

Mwalimu_Mstaafu

Kijana, nusu ya Mombasa yaandika "nyengine", na Unguja na Pemba juu yake. Jogoo pia kaandika, mtazame hapo juu. Ukitaka kumkamata mtu kwa "nyengine" itabidi uombe uwanja wa Makadara wa kuwakusanya. Hii ndio twaita "evidence", na tena ni neno lisilohesabika, hakuna "evidences", kwa hivyo hata ukiwa nayo huwezi kuifanya mbili.

Feri_Namba_Moja

Mwaona? Hata akishtakiwa afundisha.

MamaKhamisi

Lakini swali la feri ni la haki. Bint jibu.

Bint_Tudor
Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri

Jina la akaunti nililifungua 2021 nikikaa Tudor kwa kina mamangu. Sasa nakaa Likoni kwa shangazi tangu nyumba ya Tudor ilipouzwa, navuka feri, nafika mjini, napanda matatu ya Mtwapa nashuka Shanzu. Kila siku. Saa hii naandika niko kwa foleni mwanamume amenikanyaga mguu na kapu la samaki. Mtu akikwambia yuko kwa feri saa kumi na moja asubuhi usimwite muongo, huyo anajikimu.

Feri_Namba_Moja

Sawa, basi wajibu hili upesi. Nauli ya feri kwa mtu wa miguu ni ngapi?

Bint_Tudor

Ni bure, na wewe wajua ni bure. You know it's free, don't you?

Mwalimu_Mstaafu

Don't you! Sahihi kabisa. Hakusema isn't it.

Abuu_tuktuk

Mimi nimemuamini kwa hilo kapu la samaki.

Feri_Namba_Moja

Feri nimeikubali. Ya kuwauzia wenzake bado siikubali, akili yangu yakataa.

Bint_Tudor

Nikueleze basi. Wale wawili nimeanza nao kazi siku moja. Mmoja ndiye aliyeniazima ile elfu tatu ya kwanza, alipojua ni ya nini akaniuliza na yeye je? Ningemwambiaje? Na wa pili alisikia kwa wa kwanza. Sikuwauzia kwa ubaya, na wala sikupiga hesabu ya nafasi ni ngapi, nilipiga hesabu ya kodi. Nilidhani nitawashinda kwa kusoma tu. Wao hawana jukwaa la kuuliza.

KaraniWaKorti

Yaani umekopa kwake, ukamuuzia alichokukopesha ukinunue. Miaka 19 kortini sijaona hii.

SisterZuu

Bado kuna siku moja, waweza kumrudishia yule wa ofisini picha zake na kumuachia Mungu.

Jogoo_la_Majengo

Picha za simu zarudishwaje, sister? Atazifunga kwa gazeti?

Mwalimu_Mstaafu

Mimi la mtihani wa kununuliwa sikubaliani nalo na nimeshasema moyoni. Lakini kwa kuwa una usiku mmoja, weka hizo picha kando ujisomee kitu kitakachokufaa hata maswali yakibadilika. Andika maswali kumi ambayo mgeni hukuuliza na kumi utakayomuuliza wewe, kila moja mwanzo wazi na mara ya pili ukilifunika na "Could you tell me". Soma kwa sauti. Shangazi akilalamika mwambie ni mimi.

Bint_Tudor

Shangazi yangu analala saa mbili. Lakini sawa mwalimu.

Jumamosi, saa kumi jioni

Bint_Tudor

Nimetoka. Karatasi ilikuwa nyengine kabisa. Mambo ni yale yale, maswali, visaidizi, uhalifu, lakini hakuna swali hata moja la zile picha. 14 ilikuwa mtu anayechoma nyumba makusudi aitwaje. Nilijua, arsonist, kwa ajili ya Jogoo na utani wake. Kulikuwa na "Who called the police?" ya kujaza nikaacha hamali nje. Kulikuwa na kuandika aya juu ya uhalifu uliousikia, mama Khamisi nisamehe nimeandika sufuria zako, nimesema "were stolen" na nimeandika housebreaking si burglary nikaongeza ilikuwa mchana.

MamaKhamisi

Umeandika na pilau kwenye karai?

Bint_Tudor

Hio ndio sentensi ya kwanza.

Halafu tukaitwa mmoja mmoja ndani. Wanawake wawili na mwanamume. Mwisho wakaniuliza "Do you have any questions for us?" nikataka kusema no nikimbie. Nikakumbuka usiku wa jana vile nilikuwa najisemea mwenyewe gizani kama mwenda wazimu. Nikafungua mdomo, "Could you tell me when will" nikasita pale pale. Nikameza mate. Nikaanza upya, "Could you tell me when the results will be out?" Yule mwanamke wa kando akainua macho akaandika kitu. Sijui kaandika nini. Majibu ni Jumatano.

Mwalimu_Mstaafu

Ulisita ukajirekebisha mwenyewe. Hilo kwangu latosha, wao wafanye watakavyo.

SisterZuu

Ile "Who called the police" wameweka na chaguo la did call?

Bint_Tudor

Walikuwa nalo.

SisterZuu

Basi.

Abuu_tuktuk

Yule wa ofisini je?

Bint_Tudor

Simu yake haipatikani tangu asubuhi. Naambiwa mtu wa ofisini mwengine ndiye huandika mtihani, huyu alipiga picha kitabu cha mazoezi cha zamani kilichokuwa kabatini. Hakina jalada.

Jogoo_la_Majengo

HAKINA JALADA. Yaani siku ile ya kwanza ulituambia ukweli na hukujua.

KaraniWaKorti

Neno lake ni "conned", dada, yaani umetapeliwa. "I was conned." Hapo mtu anaweza kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyefanyiwa, mama Khamisi usikie.

MamaKhamisi

Nasikia. Na wale wenzako wawili wa kufua?

Bint_Tudor

Wananipigia tangu saa saba. Wanataka elfu elfu zao, na yule mmoja anataka na ile tatu aliyonikopesha.

Feri_Namba_Moja

Warudishie.

Bint_Tudor

Nishajaza gesi.